Beti si uvivu wa vijana

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hii mambo ya beti, yaani kamari ya mechi, manake huku Kisauni kila siku twaambiwa vijana ni wavivu hawana akili, na mimi nakataa. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza pesa huwa mkubwa kuliko furaha ya kupata pesa hizo hizo, na mtu akishapoteza huwa tayari kujitosa zaidi ili zirudi. (Kahneman alipewa Nobeli ya uchumi 2002, Tversky alikuwa ashafariki.) Sasa muangalie dereva wa tuktuk alopoteza mia tano asubuhi, haachi, aongeza elfu ili airudishe ile ya kwanza, kukubali imeenda ndo kunakomuuma. Na ubongo nao una kemikali yaitwa dopamini, hupanda mtu akingojea zawadi asiyokuwa na uhakika nayo, kwa hivyo mkeka (ile orodha ya mechi alizobashiri pamoja) ukichanika kwa timu moja tu yeye aona alikaribia kabisa na kesho arudi tena.

Serikali izuie zile meseji za bonasi za kampuni za beti usiku, na kufunga akaunti ya beti kuwe rahisi kama kuifungua.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa