Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Vipimo: turudishieni neno "mfuto"

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Mnapohimiza mizani sokoni, tuko nanyi. Lakini hapa Dar es Salaam mahindi na maharage bado yanapimwa kwa kisado na debe, na ugomvi mwingi huanzia pale juu, kwenye mdomo wa chombo.

Wazee wa pwani walikuwa na maneno mawili ya kuumaliza. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa kwa kijiti mpaka nafaka ikalingana na ukingo. Neno limetoka kwenye kitenzi "futa". Kibaba cha tele kimeachwa na kichuguu chake. Vibaba vinne ni pishi, na pishi tunaitaja hadi leo kwenye zaka ya fitri. Debe lilikuja baadaye: neno la Kihindi, bati la mafuta ya taa. Kisado ni kopo la rangi la lita 4, jina likitokana na Sadolin. Vyombo vikabadilika, mfuto ukasahaulika.

Hasara yake inahesabika. Debe la siku hizi ni ndoo ya lita 20, mdomo wake sentimita 30 hivi. Kichuguu cha mahindi makavu juu yake hufika sentimita 7 au 8, yaani karibu lita 1.8. Lita moja ya mahindi ina gramu 750 hivi, kwa hiyo kichuguu peke yake ni kilo 1.3. Madebe sita ya tele yanakaribia kilo 98; sita ya mfuto ni kilo 90. Anayenunua kwa mkulima kwa tele na kuuza kwa mfuto anabaki na kilo 8, na pande zote mbili neno lililotajwa ni "debe" tu.

Tunaomba vibao vya bei viandikwe "debe, mfuto" au "debe, tele". Kijiti kiwe kinyoofu, kipite mara moja bila kukandamiza. Chombo kisitikiswe, maana punje hushuka na kuacha nafasi ya nyingine.

Na kitako kikaguliwe. Kitako cha kisado kikipanda chote sentimita 1, mililita 240 hivi zimepotea, sawa na gramu 180 za mahindi. Kukipima ni rahisi: kiwekeni kitupu kwenye mizani, rudisheni sifuri, jazeni maji hadi ukingoni. Kisipofika kilo 4, kila gramu iliyopungua ni mililita moja iliyoibwa.

Wapimaji wa nafaka,
Dar es Salaam