Fedha za barabara zifuate jukumu hadi kaunti

Mhariri,

Mvutano kati ya magavana na wabunge kuhusu fedha za barabara za mashinani umeendelea kwa muda mrefu mno, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010 ilikwisha kutoa jibu. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho, na kuiachia serikali ya kitaifa barabara kuu. Hata hivyo, Mamlaka ya Barabara za Mashambani (KeRRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, yaani kabla ya ugatuzi kuwapo, ingali inatengeneza barabara nyingi za vijijini na kupokea sehemu ya ushuru wa mafuta, ambao tangu Julai 2024 ni Sh25 kwa kila lita.

Anayeumia ni mwananchi. Kalvati ikisombwa na mafuriko, afisa wa kaunti humwambia aende kwa mamlaka hiyo, naye mbunge humwambia amuulize gavana. Uchaguzi ukifika, mpiga kura hana njia ya kujua ni nani aliyeshindwa kazi, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kuliko hata ya fedha zenyewe.

Jedwali la Sita la Katiba liliweka muda usiozidi miaka mitatu, kuanzia uchaguzi wa kwanza wa mabunge ya kaunti mnamo Machi 2013, ili majukumu yote yahamishwe. Muda huo ulipita kitambo. Mwishoni mwa mwaka 2024 orodha ya majukumu yaliyochambuliwa upya, kuonyesha yapi ni ya kaunti na yapi ni ya serikali ya kitaifa, ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hiyo ni hatua njema, lakini tangazo la gazeti haliwezi kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge. Sheria ya Barabara ya 2007 isiporekebishwa, mamlaka hiyo itaendelea kudai fedha, na itakuwa na haki ya kufanya hivyo.

Wapo wanaosema kuwa kaunti hufuja fedha na hukawia kuwalipa wanakandarasi. Ni kweli, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimeonyesha hivyo mara nyingi. Lakini gavana anayejua kwamba hakuna mwingine wa kulaumiwa kwa barabara mbovu atabanwa vizuri zaidi na bunge la kaunti, Seneti na wapiga kura wake.

Wala isiwe kuhamisha kazi bila fedha. Tumeyaona katika sekta ya afya, ambapo wahudumu walioajiriwa na serikali ya kitaifa kwa kandarasi mwaka 2020, wakati wa janga la korona, walijikuta mwaka 2025 wakikesha nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi kwa sababu serikali ya kitaifa na zile za kaunti hazikuwa zimekubaliana nani atawalipa watakapoingia katika ajira ya kudumu ya kaunti.

Kwa hivyo, naliomba Bunge la Kitaifa na Seneti wairekebishe Sheria ya Barabara kabla ya makadirio ya bajeti ijayo kusomwa, na marekebisho hayo yaeleze kwamba wahandisi, mitambo na mgao wa ushuru wa mafuta unaohusu barabara za kaunti vitahamishwa katika mwaka mmoja wa fedha, pamoja na orodha ya barabara zenyewe iliyo wazi kwa kila mkazi kuikagua.

Msomaji,
Kilifi