Unasafiri kuvua ufukweni? Chagua rili kwa kuanzia na mchanga

Wateja wengi wanaojiandaa kwa safari ya kuvua ufukweni huanza kwa kuuliza rili, yaani kile kifaa cha fimboni cha kukunjia mshipi, ina beringi ngapi. Tunawajibu, kisha nasi tunawauliza: ikianguka mchangani siku ya pili ya safari, na fundi yuko mbali, utaendelea kuvua nayo? Sisi tunauza rili na pia ndio tunaozifungua zikiharibika. Zinazorudi kutoka safarini huwa na maradhi yale yale: mchanga kwenye gia, chumvi kwenye kiroda (kigurudumu kidogo anapopindia mshipi), breki inayoshika na kuachia kwa mikupuo. Wingi wa beringi hautibu hata moja kati ya hayo. Tena kila beringi ya ziada ni mahali pengine pa kutu kuanzia.

Ufukwe unaitesa rili kuliko boti. Kwenye boti hupata manyunyu ya chumvi, basi. Ufukweni wimbi linapovunjika hukoroga mchanga wa chini, kwa hiyo povu linalokupiga kiunoni ni maji yaliyobeba chembe ngumu. Mshipi nao huburutwa mchangani, ukiukunja unazileta chembe hizo mpaka kwenye kiroda na ndani ya spuli, gurudumu linalobeba mshipi. Ukiwa nyumbani hilo ni usumbufu tu, maana kesho rili iko kwa fundi. Safarini ndiyo rili uliyo nayo mpaka siku ya kurudi.

Kuzibwa dhidi ya maji

Kwenye boksi utakutana na alama kama IPX5, IPX6 au IPX8. Ni daraja za kiwango cha kimataifa cha kupima namna kifaa kinavyostahimili maji. IPX5 maana yake kifaa kimepigwa maji ya mpira kutoka pande zote, kiasi cha lita 12.5 kwa dakika. IPX6 ni maji mengi na yenye nguvu zaidi, lita 100 kwa dakika. IPX7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, na IPX8 ni kuzamishwa zaidi ya hapo kwa masharti anayoyataja mtengenezaji mwenyewe. Kwa mfano, kiwanda cha Penn kinaitaja rili yake ya Spinfisher VI kuwa IPX5 na Slammer IV kuwa IPX6.

Kuna mambo mawili ambayo boksi halikuambii. Kwanza, hiyo X imekaa mahali pa daraja la vumbi, nayo inaonyesha kwamba upande huo haukupewa daraja lolote. Usiisome IPX6 ukadhani mchanga nao umepimwa. Pili, daraja hizi si ngazi ambayo ukifika juu umepita zote za chini: kifaa kinaweza kufaulu kuzamishwa kwenye maji yaliyotulia na kisishinde maji yanayopiga kwa nguvu. Wimbi hupiga. Kwa mtu anayesimama ufukweni tungependelea rili iliyofaulu 5 au 6 kuliko ile yenye 8 peke yake, isipokuwa kama desturi yako ni kuingia majini mpaka kifuani na kuogelea kufika kwenye miamba. Wa namna hiyo ndio wanaotafuta Van Staal, rili zilizozibwa kabisa ambazo nyingi hazina hata kikono, ule waya unaorudisha mshipi kwenye spuli.

Sili, vile vizibo vinavyozuia maji kuingia, zina gharama yake. Zinabana, kwa hiyo rili huzunguka kwa uzito kidogo. Na maji yakishapata njia ya kuingia, sili zile zile ndizo zinazoyazuia kutoka. Daiwa, kiwanda kingine, kwenye baadhi ya rili zao hutumia mafuta yenye chembe za sumaku badala ya mpira. Ni ufundi mzuri sana, lakini ukifungua mahali hapo bila kuwa na mafuta yake, sili haipo tena. Ndiyo maana mteja anayekwenda mbali kwa wiki kadhaa, na anayejua kushika bisibisi, wakati mwingine tunamshauri achukue rili ya kawaida yenye mwili imara ambayo anaweza kuifungua, kuifuta na kuitia grisi mezani. Anayekwenda siku chache na hataki kufungua chochote, achukue iliyozibwa.

Kuhusu mwili: alumini haipindi unapovuta samaki mzito, kwa hiyo gia hubaki zimekaa sawasawa. Grafiti hailiwi na chumvi, ni nyepesi, lakini ile ya bei ya chini hunyumbuka, na mwili ukinyumbuka gia zinasagana. Magnesiamu ni nyepesi na tamu mkononi, ila rangi ikichubuka tu chumvi inaanza kuila. Kwa safari ya ufukweni tunaiacha rafuni.

Kiroda na kikono

Ukishika rili dukani kila mtu huzungusha hendeli. Wachache sana hugusa kiroda, kile kigurudumu kidogo mwishoni mwa kikono ambapo mshipi hupinda kuingia kwenye spuli. Mshipi wote uliolowa chumvi hupita hapo, chini ya mvutano, na ndani yake mara nyingi kuna beringi moja ndogo isiyo na kinga ya maana. Ndiyo inayokufa mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye rili. Ikiganda, mshipi unasuguliwa mahali pamoja na wewe utaona tu unakatika bila sababu. Kabla ya kununua uliza mambo mawili: je, kiroda kinafunguka kwa skrubu moja? Je, beringi yake inapatikana? Ukipata ndiyo mbili, nunua ya akiba na uiweke kwenye mkoba. Haina uzito na inaweza kuokoa safari nzima.

Kikono nacho kitazame unavyotazama kifaa cha usalama. Unaporusha chubwi la gramu 120 kwa nguvu zako zote, kikono kikijifunga chenyewe katikati ya mrusho, mshipi hukatika na chubwi linaendelea na safari bila wewe. Ufukweni kuna watu. Fungua kikono, tikisa rili kama unayerusha, uone kama kinashtuka. Springi laini au kifungio cha plastiki kilichochakaa ni sababu tosha ya kuikataa rili hiyo, hata kama mengine yote yamekupendeza. Ukishaizoea, funga kikono kwa mkono, usikifunge kwa kuzungusha hendeli. Hivyo huachi duara la mshipi uliolegea juu ya spuli, na hilo ndilo linalozaa mafundo kwenye mrusho unaofuata.

Ukubwa wa spuli, kwa hesabu

Namba za ukubwa, 4000, 6000, 8000, hazina kipimo cha pamoja. Ya 5000 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa nzito kuliko ya 6000 ya kingine. Tazama badala yake uzito kwa gramu na kiasi cha mshipi unaoingia.

Kwa uvuvi wa ufukweni mita 250 hadi 300 za mshipi wa kusuka zinatosha watu wengi: unarusha mita mia na kidogo, samaki anaondoka na nyingine mia, na bado unahitaji kitu chini yake. Tuseme spuli imeandikwa mita 200 za nailoni ya milimita 0.40, na wewe unataka mita 300 za mshipi wa kusuka wa 0.25. Nafasi hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo spuli hiyo ingebeba mita 512 za 0.25. Hujaijaza. Tandika kwanza mita 80 hivi za nailoni ile ya 0.40, halafu mshipi wa kusuka juu yake, ufike karibu milimita 2 chini ya ukingo. Nailoni hiyo ya chini ina kazi ya pili: mshipi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma huteleza na kuzunguka wote kwa pamoja, mtu akadhani breki imekufa.

Spuli ndefu, iliyopungua kidogo upande wa mbele, huachia mshipi kwa msuguano mdogo na kukupa umbali. Usisahau kipande kinene cha mshipi cha mbele kinachobeba mshtuko wa kurusha. Kanuni ya zamani ya warushaji ni takriban kilo 4.5 za uimara kwa kila gramu 28 za chubwi, kwa hiyo chubwi la gramu 113 linataka kipande cha kilo 18, kirefu kiasi cha kuzunguka spuli mara kadhaa unapoanza kurusha.

Spuli ya akiba tunaisisitiza kuliko rili ya pili. Moja iwe na mshipi mwembamba kwa chambo bandia, nyingine mnene kwa chubwi na miamba. Ila hakikisha kabla ya kulipa kwamba spuli ya akiba ya modeli hiyo inauzwa peke yake, kwa sababu zipo rili nyingi ambazo haiuzwi.

Breki

Kilo 20 za breki zilizoandikwa kwenye boksi ni za kupendeza macho. Breki, inayoachia mshipi samaki anapovuta kwa nguvu, huwekwa kwenye robo hadi theluthi ya uimara wa mshipi, kwa hiyo mshipi wa kilo 15 unataka kilo 4 au 5. Umesimama kwenye mchanga unaozama, fimbo ya mita 4 mkononi, hizo kilo 5 utaziona nyingi. Cha kutafuta ni ulaini: funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta polepole, halafu kwa ghafla. Mshale ukiruka kabla spuli haijaanza kuzunguka, breki hiyo itakata mshipi samaki atakaposhtuka. Washa (visahani vya ndani ya breki) za nyuzi za kaboni huvumilia joto na maji kuliko za kitambaa. Kumbuka pia kwamba samaki akikuondolea mshipi na spuli ikapungua kipenyo, mvutano unapanda bila wewe kugusa kitu. Ikibaki nusu ya kipenyo, breki imekuwa maradufu. Mwenye kukaza zaidi wakati huo ndiye anayerudi na mshipi mtupu.

Gia tutaipitia haraka. Spuli ya milimita 60 yenye gia ya 5:1 (kikono huzunguka mara tano kwa kila mzunguko wa hendeli) hukunja kama sentimita 94 kwa mzunguko mmoja, ya 6.2:1 hukunja sentimita 117. Ya kwanza ina nguvu kwa chubwi zito, ya pili inafaa vijiko vya chuma, chambo bandia vinavyotaka mwendo. Kama hujui utavua kwa namna gani huko uendako, chukua iliyo katikati.

Na uzito? Inategemea. Fimbo ikikaa kwenye kigingi ikisubiri samaki ale chambo, rili ya gramu 700 haikusumbui. Ukirusha chambo bandia kuanzia alfajiri, utazihesabu gramu hizo begani.

Ukiwa huko

Fungasha rili hendeli ikiwa imetolewa na breki imelegezwa, kwenye kasha gumu, kwa sababu kinachovunjika kwenye mizigo ni mguu wa rili unaoshika fimbo. Kama unaruka, uliza shirika lako la ndege kuhusu rili yenye mshipi kwenye mzigo wa mkononi, taratibu hutofautiana.

Rili ikianguka mchangani, usizungushe hendeli. Hata mara moja. Imwagie maji baridi yasiyo na chumvi kwanza mpaka chembe zitoke, ndipo uijaribu. Kila jioni kaza breki ili maji yasiingie kwenye washa, imwagie maji polepole, ifute, halafu ilegeze tena. Usiipige kwa mpira wa maji wenye nguvu, usiiloweke kwenye ndoo, wala usiifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa imelowa. Yale mafuta ya kunyunyizia ya kulegezea kutu yaache nyumbani, yanayeyusha grisi iliyo ndani. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kiroda linatosha.

Sisi huangalia rili kabla ya safari: tunafungua, tunabadilisha grisi, tunapima breki kwa mizani, tunajaza spuli kwa hesabu ile ya juu. Ilete mapema na uje na fimbo yake, maana uwiano wa viwili hivyo hauonekani kwenye rili peke yake. Ukirudi safarini na rili inakwaruza, ilete kama ilivyo. Usiipake grisi mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu kwenye grisi ya zamani ndipo tunapoona mchanga ulipita wapi, na hapo ndipo tunapojua ni sili gani ya kubadilisha.