Anayeendesha gari la michezo kila siku aanze na matairi, rimu zifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kurasa zenu za magari hulipitia haraka kila zinapotuelezea gari jipya la michezo, nalo ni matairi na rimu. Tunaelezwa nguvu za injini, sekunde ambazo gari hutumia kufikia kilomita 100 kwa saa, hata ngozi ya viti na rangi yake. Matairi yanapata sentensi moja tu, na sentensi hiyo mara nyingi ni ya kusifu ukubwa wa rimu. Mimi gari langu la michezo ndilo gari langu la pekee. Nalipanda kwenda kazini na sokoni, jua linapowaka na mvua inaponyesha, na nimeliendesha likiwa na rimu za inchi 17 na baadaye za inchi 19. Kwa uzoefu huo ninaamini kwamba mtu mwenye matumizi kama yangu anashawishiwa vibaya: angebaki na rimu ndogo kadiri breki zake zinavyoruhusu, na fedha anayookoa akaitia kwenye matairi yenyewe.

Injini iwe na nguvu kiasi gani, breki ziwe kali kiasi gani, gari linashikana na barabara kwa vipande vinne tu vya mpira. Gurudumu likibeba kilogramu 400, na tairi lake likiwa na upepo wa psi 33 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), eneo linalogusa lami ni takriban sentimita za mraba 170, yaani kama kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa pamoja na vidole vyake. Wengi wanadhani kwamba tairi pana zaidi huongeza sana eneo hilo, lakini uzito na upepo vikiwa vile vile, eneo hubaki karibu lile lile na kinachobadilika ni umbo lake: linakuwa pana na fupi badala ya jembamba na refu. Umbo hilo lina faida ya kweli kwenye kona za lami kavu. Kwenye barabara yenye maji mambo hugeuka, kwa sababu tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma pembeni, na huanza kuelea juu ya maji kwa mwendo mdogo kuliko tairi jembamba lenye mifereji ya kina kile kile. Anayeendesha kila siku hachagui siku ya kukutana na mvua.

Watengenezaji wa magari haya wanalijua hilo vizuri. Toyota ilipotoa gari lake la michezo liitwalo 86 mwaka 2012, ililivisha matairi ya Michelin Primacy HP ya ukubwa wa 215/45R17 (namba za namna hii nitazieleza hapa chini), ambayo si matairi ya mashindano hata kidogo. Gari lililo jepesi na lenye matairi ya wastani humwonyesha dereva mapema, katika mwendo ambao bado anaweza kuutawala, kwamba limeanza kuteleza. Lile lililovishwa mpira mpana kupita kiasi hushika, hushika, kisha huachia kwa ghafla. Mazda MX-5 ya kizazi cha nne nayo hutoka kiwandani ikiwa na 195/50R16 au 205/45R17, na sijakutana na mtu aliyeiendesha akailalamikia kwamba haina raha kwenye kona.

Sasa naomba wasomaji wafuatane nami katika hesabu ndogo, kwa kuwa hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chukua tairi lililoandikwa 225/45R17 91W. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni alama ya uwezo wa kubeba mzigo, ambayo maana yake ni kilogramu 615. Na W ni kikomo cha mwendo, kilomita 270 kwa saa. Kipenyo cha tairi zima ni milimita 634. Anayetaka rimu ya inchi 18 atavaa 225/40R18, yenye milimita 637, na anayetaka inchi 19 atavaa 225/35R19, yenye milimita 640. Kipenyo hakijaongezeka hata kwa asilimia moja, kwa hiyo muuzaji anasema kweli anapomhakikishia mteja kwamba spidomita haitaharibika na tairi litaingia bila kugusa. Asichokisema ni kwamba ubavu wa tairi umeshuka kutoka milimita 101 hadi 90, na kutoka 90 hadi 79. Zaidi ya milimita 22 za mpira na upepo, ambazo ndizo zilizokuwa zikipokea kishindo cha kila shimo kabla hakijafika kwenye rimu, zimeondolewa na mahali pake pamewekwa aloi ngumu.

Liko jambo jingine ambalo ni la hatari zaidi. Tairi la 225/35R19, hata lile lililoimarishwa lenye alama ya XL, kwa kawaida huandikwa 88, yaani kilogramu 560. Gari halijapungua uzito, ila kila gurudumu limepungukiwa uwezo wa kilogramu 55. Anayetaka kuurudisha uwezo ule inambidi apande hadi 235/35R19 yenye alama ya 91, na hapo kipenyo kinafika milimita 647, asilimia mbili zaidi ya kile cha kiwandani, upana umeongezeka, na tairi limesogelea ukingo wa matigadi. Uamuzi mmoja wa kupendezesha macho umezaa mingine mitatu, na hakuna hata mmoja kati yake uliolifanya gari kuwa bora. Ninamwomba kila mwenye gari asome kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva kabla hajaingia dukani, na akatae tairi lolote ambalo alama yake ya mzigo iko chini ya ile iliyoandikwa pale.

Yaliyonipata mimi yalianza na mtetemo. Nilikwishafunga rimu za inchi 19, na kila nilipofikia kilomita 90 kwa saa usukani ulianza kutetemeka. Nilirudi kwa muuzaji, ambaye sitamtaja, mara tatu. Mara zote tatu akasawazisha magurudumu upya kwa vyuma vidogo na kuniambia kwamba tatizo liko kwenye gari. Fundi mwingine ndiye aliyeng'oa gurudumu moja na kunionyesha kwamba tundu la katikati la rimu lilikuwa kubwa kuliko habu ya gari, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, hivyo rimu ilikuwa imening'inia kwenye nati tu badala ya kukaa juu ya habu. Pete nne ndogo, kitu cha bei rahisi ambacho kila muuzaji wa rimu angepaswa kumpa mteja bila kuombwa, zilimaliza mtetemo ule siku hiyo hiyo. Miezi michache baadaye, usiku, mvua ikinyesha, nilipita kwenye shimo lililofunikwa na maji. Asubuhi niliikuta rimu imepinda ukingo wa ndani, na ubavu wa tairi umetoa uvimbe wa ukubwa wa yai. Uvimbe wa namna hiyo ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na tairi lake halitengenezeki wala halifai kutembea hata kilomita moja kwa mwendo wa barabara kuu. Nilirudi kwenye inchi 17, nami nipo hapo hadi leo.

Simkatazi mtu kubadili rimu. Rimu nyepesi ina manufaa makubwa kuliko rimu kubwa, kwa sababu uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Shokapu ndiyo inayohangaika kulirudisha gurudumu barabarani kila linaporuka, na kadiri gurudumu linavyokuwa zito ndivyo tairi linavyokawia kurudi kushika lami. Mtu akiweka rimu ya kufuliwa ya inchi 17, ambayo huwa nyepesi zaidi, mahali pa ile ya kumiminwa kwenye kalibu ya ukubwa ule ule, atahisi tofauti kwenye usukani na kwenye mgongo wake. Apime uzito kwa mizani kabla ya kulipa, maana kipenyo kikubwa huja na uzito mkubwa isipokuwa rimu iwe ya bei ghali sana. Vilevile atafute alama za JWL na VIA zilizopigwa kwenye chuma chenyewe, ambazo ni za viwango na ukaguzi wa Japani, kwa kuwa rimu isiyo na alama yoyote ya ukaguzi inaweza kupasuka pale ambapo nyingine ingepinda tu.

Kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote ni ofseti, ile namba inayofuata herufi ET. Huonyesha sehemu ya rimu inayokaa kwenye habu iko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Mtu mwenye rimu ya inchi 7.5 na ET48 akaibadilisha kwa ya inchi 8.5 na ET35 anadhani ameongeza inchi moja ya upana, nusu ndani na nusu nje. Ukweli ni kwamba ukingo wa nje umesogea takriban milimita 26, na ule wa ndani haujasogea hata kidogo. Beringi za magurudumu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani unaanza kuvutwa na kila mfereji wa barabara, na tairi linakwangua matigadi gari linapobeba abiria wanne. Hata nati zina masharti yake: kuna za kichwa cha pia na za kichwa cha duara, na kuzichanganya ni kualika gurudumu lichomoke njiani. Zikazwe kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kuhusu aina ya tairi, shauri langu kwa mwenye gari la kila siku ni tairi la barabarani la daraja la juu, lililotengenezwa kwa ajili ya lami kavu na yenye maji pia. Yale yanayokaribia kuwa ya mashindano, ambayo alama yake ya uchakavu (namba ya ubavuni inayokadiria tairi litadumu kiasi gani) ni 200 au chini yake, yana mifereji michache, yanapiga kelele, yanakwisha upesi na hayapendi maji yaliyotuama. Alama hiyo ya uchakavu nayo isomwe kwa uangalifu, kwa maana kila kiwanda hujipangia yake baada ya majaribio yake chenyewe. Inafaa kulinganisha matairi mawili ya kampuni moja, si ya kampuni mbili. Lebo ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2021, inasaidia zaidi kwa kuwa inatoa daraja la kushika barabara yenye maji, na hilo ndilo daraja ambalo mimi hulitazama kwanza. Mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 7 kwa wiki nyingi, mpira wa kiangazi hukakamaa, na dereva anahitaji matairi ya majira ya baridi. Seti ya pili kwenye rimu ndogo ndiyo njia yenye nafuu.

Tarehe ya kutengenezwa iko ubavuni, tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT: 3221 ni wiki ya 32 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa ghalani miaka sita halina haki ya kuuzwa kama jipya hata kama halijawahi kugusa lami. Matairi mawili mapya yakinunuliwa yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kwa sababu gari likipoteza mshiko nyuma huzunguka, na madereva wachache wanaweza kulirudisha. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi, ikikumbukwa kwamba badiliko la nyuzi 10 za joto hupandisha au hushusha kipimo kwa psi moja na nusu hivi. Kikomo cha kisheria cha kina cha mifereji katika nchi nyingi ni milimita 1.6, ila mimi hubadilisha yakifika 3, kwani chini ya hapo gari langu huanza kuelea kwenye maji ambayo zamani lilikuwa likiyakata.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila mnapochapisha majaribio ya gari la michezo, andikeni ukubwa kamili wa matairi lililojaribiwa nayo pamoja na alama ya mzigo, mtueleze kama rimu zile ni za kawaida au zimelipiwa zaidi, na mtuwekee gharama ya kubadilisha matairi yote manne pale pale mnapoandika matumizi ya mafuta. Gari hilo hilo likiwa linauzwa na rimu za kipimo kidogo pia, mwandishi wenu apewe nafasi ya kuliendesha nazo, tena siku ya mvua, kisha atuandikie alichokihisi.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa kurasa za magari