Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tuliagizana kila kikundi kijenge kipokezi chake cha setilaiti za GPS, zile zinazosaidia kujua mahali na saa, kwa Arduino au Raspberry Pi, bodi ndogo za kielektroniki zinazopangiwa programu. Vipokezi vimejengwa. Vingine vimetuaibisha, na naanza na changu.

Kwa wiki mbili programu yangu ilisisitiza kwamba niko kilomita nyingi kutoka kwenye kiti nilichokalia. Nikabadilisha antena, nikabadilisha waya, nikayasingizia mawingu, ingawa mawimbi haya hupenya mawingu bila taabu. Kumbe kosa lilikuwa langu. Kipokezi huandika digrii na dakika zikiwa zimeshikana: 0630.000 ni digrii 6 na dakika 30 (digrii moja ina dakika 60), yaani digrii 6.5. Mimi nilikuwa naisoma 6.3. Kosa la namna hiyo ni kilomita 22 hivi. Wanachama wapya, liandikeni hilo ukutani.

Bodi mbili zimeungua, kwa sababu ileile ya kila mwaka: pini za Raspberry Pi ni za volti 3.3, mtu akaziletea 5.

Kazi iliyonikuna zaidi ni ya kikundi cha saa. Setilaiti hazikwambii uko wapi. Kila moja inatangaza ilipo na saa iliyotuma ujumbe, basi. Hesabu iliyobaki ni ya kipokezi. Mawimbi hukata sentimita 30 kwa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde), kwa hiyo saa ikikosea mikrosekunde moja (sehemu ya milioni), umepotea mita 300. Ndiyo sababu hutafutwa setilaiti ya nne: inafichua kosa la saa ya kipokezi chenyewe. Wenzetu walianza kwa kusoma saa kutoka kwenye maandishi ya kipokezi, wakaona inachelewa na kuyumbayumba. Walipounganisha pini ya mapigo, ile inayopiga mara moja kila sekunde, kompyuta ikatulia kwenye mikrosekunde chache. Kwa kifaa kinachoenea kiganjani, mimi naona ni ajabu.

Kile kipokezi cha zamani tulichopewa, kinachodai tuko karibu miaka 20 nyuma, msikitupe. Kipokezi hupata tarehe kwa hesabu ya wiki za GPS, nayo ilitengewa biti 10 tu, yaani nafasi kumi za 0 au 1: ikifika 1023 inarudi sifuri. Ilirudi Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Tarehe kinakosea, mahali kinapatia.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba ada zinachelewa kuliko saa yoyote tuliyoipima.

Kwa mwaka ujao napendekeza tujenge kituo cha marejeo: antena isiyohama, mahali palipopimwa vizuri, inayotuma masahihisho kwa vipokezi vya jirani ili makosa yashuke kutoka mita hadi sentimita. Naomba mlipigie kura leo. Likipita, tutahitaji mwanachama mwenye paa lililo wazi pande zote. Langu limefunikwa na mti.

Mwenyekiti