Kuhusu nyumba ya marehemu babu yenu

Maskati, Oman

Ndugu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe na watoto wazima. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Umeniandikia kwamba fundi amewashauri mbandue lipu yote ya chokaa katika nyumba ya marehemu babu yenu hapo Mji Mkongwe, mpige saruji, kisha muifungue kuwa nyumba ya wageni. Kabla hamjaanza, naomba nikueleze nyumba niliyolala majuzi katika kijiji cha Misfat al Abriyeen, juu ya mji wa Al Hamra kwenye milima ya Hajar, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari.

Kijiji hicho kimejengwa juu ya mwamba, mawe chini na matofali ya udongo juu, na vichochoro vyake ni vyembamba hata gari huachwa nje. Wenyeji wengi walikwisha kuhamia nyumba mpya, na zile za zamani zikaanza kuporomoka, kwa sababu mvua ikipenya dari ya nyumba isiyokaliwa, boriti huoza na ukuta hufuata. Waliozirudia ni wana wa kijiji wenyewe, na mwaka 2021 Shirika la Utalii Duniani likakitaja kijiji chao miongoni mwa vijiji bora vya utalii.

Chumba changu kilikuwa kidogo, godoro likiwa sakafuni. Juu yangu niliona boriti za magogo ya mtende, juu yake makuti, kisha udongo ulioshindiliwa. Karibu na dirisha palikuwa na kiraka kipya cha lipu, na mabua yaliyochanganywa na udongo yalikwaruza kidole nilipokipapasa. Mwenye nyumba aliniambia kwamba saruji haishikamani na udongo. Hubanduka kwa mapande. Kwenu hali ni mbaya zaidi, ndugu yangu, kwani ukuta wa mawe ya matumbawe hutoa unyevu wake kupitia chokaa, na ukiufunika kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani vikiyala mawe na boriti za mikoko.

Lakini kilichonipendeza kupita yote ni kwamba watu bado wanaishi na kulima pale. Maji ya falaji, yaani mfereji wa jadi wa Oman, hupita chini ya nyumba, kwanza ya kunywa, kisha ya kutawadhia na kuogea, ndipo yateremke kwenye matuta ya mitende, migomba na mikomamanga, ambako kila shamba lina zamu yake, iliyopimwa zamani kwa kivuli cha jua na kwa nyota. Alfajiri nilimkuta mzee akizibua mfereji kwa kuondoa jiwe lililofungwa kitambaa. Akaniamkia kwa Kiswahili cha Unguja, alikozaliwa kabla ya 1964.

Kwa hiyo nakusihi, shangazi yako asihamishwe kutoka vyumba vya chini. Mgeni atakayeamshwa na harufu ya mikate yake amepata nyumba yenye wenyewe, jambo ambalo hoteli haiwezi kumpa.

Mwambieni fundi asimamishe kazi kwanza, mmtafute mzee anayejua kuchoma na kulowesha chokaa, nawe unitumie vipimo vya dari ya chumba cha nyuma. Gharama ya boriti nitachangia, inshallah.

Nisalimie shangazi na watoto wote.

Wasalaam,
Nduguyo