Mama Kadzo, anza na binti za Selofehadi

Malindi, Jumatatu

Kwako Mama Kadzo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Huku sisi ni wazima, joto tu ndilo linalotutesa.

Umeuliza uanzie wapi mafunzo ya akina mama huko Marafa kuhusu wanawake viongozi katika Maandiko, na naona umemtanguliza Debora, yule nabii na mwamuzi wa Israeli. Muweke kando kwanza. Fungua Hesabu 27, wale mabinti watano wa Selofehadi waliodai urithi wa ardhi ya baba yao: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza.

Debora tunamkuta yuko kazini tayari, chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, watu wanampelekea mashauri yao. Alifikaje hapo, hatuambiwi. Hawa watano tunawaona wakipanda ngazi moja moja. Wanakwenda wote pamoja hadi mlangoni pa hema ya kukutania na kusimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano mzima. Hawakumtuma mjomba. Halafu angalia wanavyopanga maneno. Kabla ya kuomba lolote wanaziba tundu: baba yetu hakuwa katika kundi la Kora. Wenzake Kora walimezwa na ardhi pamoja na mali zao, na mtoto wa mwasi angesimama wapi kudai? Kisha wanasema hakuacha mwana wa kiume. Kisha, kwa nini jina lake lifutwe katika ukoo? Ardhi wanaitaja mwisho kabisa. Musa anakosa jibu, anapeleka shauri lao kwa Mungu, na jibu linarudi kwamba wanena haki.

Wapo watakaolalamika kwamba wamedai kwa jina la baba, si kwa jina lao. Mimi naona hapo ndipo penye akili. Mzee yeyote wa Kigiriama ataelewa hoja ya jina lisipotee, hata kama hataki kuikubali.

Wengi wanakosea kwa kufunga Biblia hapo. Soma pia Hesabu 36: wakuu wa jamaa ya Gileadi wanarudi kulalamika kwamba ardhi itahamia kabila jingine kwa ndoa, na mabinti wanawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Kisha Yoshua 17:3-4. Musa ameshakufa, na inawabidi waende tena kwa Eleazari na Yoshua kukumbusha hukumu ndipo wapewe fungu lao. Mama aliyezungushwa na ofisi ya ardhi hahitaji kufafanuliwa.

Jiandae kwa kaka atakayesema, "Sheria hiyo ni ya asiye na wana, na sisi tupo." Kwa Hesabu 27 amesema kweli, usibishane naye. Mpeleke Ayubu 42:15, ambako Yemima, Kesia na Keren-hapuki wanapewa urithi kati ya ndugu zao wa kiume. Na ya serikali itaje kando, usiichanganye na Maandiko: Sheria ya Urithi ya Kenya, inayotumika tangu 1981, haimtengi binti kwa kuwa ana kaka, wala kwa kuwa ameolewa. Jirani zetu Waislamu wana utaratibu wao kwa Kadhi.

Kikao chenyewe kisizidi watu 15, saa moja na nusu. Soma Hesabu 27 mara mbili, Biblia ya Kiswahili ya Union kwanza, kisha ya Kigiriama. Mistari ya 3 na 4 wasimame wanawake watano waisome kwa sauti moja. Hapo hata waliokuwa wakisinzia huamka. Swali la kwanza liwe juu ya andiko lenyewe: nani yupo, amesimama wapi, nani hasemi kitu? Yanayotuhusu yafuate baadaye. Ukigeuza, dakika ya tano mtakuwa kwenye shamba la fulani na Biblia imefungwa. Kataza kabisa kutaja kesi iliyo mahakamani, maana jioni wenyewe watakuwa wameshasikia. Na mchungaji akija, mwombe aseme mwisho. Akianza yeye, wengine wataitikia amina tu.

Debora awe kikao cha pili, pamoja na Hulda, nabii mwanamke wa siku za mfalme Yosia (2 Wafalme 22). Utaambiwa Mungu alimtumia mwanamke kwa kuwa wanaume walikosekana. Waamuzi 4, penye habari za Debora, haisemi hivyo popote. Kwa Hulda ndiyo haisimami kabisa: kitabu cha torati kilipatikana mwaka wa 18 wa Yosia, na Yeremia alikuwa ameanza unabii mwaka wa 13. Nabii mwanamume alikuwapo, bado mfalme aliwatuma watu watano, kuhani Hilkia akiwa mmoja wao, na wakaenda kwa Hulda.

Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga wakoloni Waingereza, usimwache, ila mlete mwisho. Mwaka 1913 aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, wakala viapo, kile kiitwacho mukushekushe kwa wanawake na kile kiitwacho fisi kwa wanaume. Ukianza naye, wazee wa kanisa watakwama kwenye viapo na hamtafika kwa Selofehadi. Waulize akina mama alivyopanga maneno yake mbele ya watu, kisha walinganishe na wale watano.

Niambie kabla ya Ijumaa mtakuwa wangapi, nikutolee nakala za Hesabu 27 kwa herufi kubwa. Nitakupa na Biblia mbili za Kigiriama, zije na matatu ya asubuhi.

Wako,
Sidi